Kahawia Moja Imebaki Mkononi

Bweni la Nne, kitanda cha juu
2 Februari

Kwako Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umesimama, maana najua ukikaa tu lazima kuna mtu unamsema. Mimi ni mzima wa afya, ukiondoa kemia. Kikohozi kimeisha. Sanduku lilifika salama na kufuli lake, ila ufunguo umo ndani. Mwambie Fundi gauni la shule alilonishonea limenikaa vizuri, isipokuwa mkono wa kulia ni mrefu kuliko mwenzake, kwa hiyo darasani nanyoosha wa kushoto. Natania. Sinyooshi hata mmoja, unanijua.

Shangazi, kuna jambo limenipata na sijamwambia mtu. Baba usimwambie.

Mwalimu wetu wa kemia tunamwita Mizani. Kila baada ya dakika tano anasema "sawazisheni", na mwenyewe anatembea ameinamia upande mmoja. Jumanne aliniita ubaoni. Unajua kichwani nina vyumba viwili. Cha Kiswahili ndicho nilichokulia, kila kitu nakijua kilipo. Cha Kiingereza nimehamia juzi na bado sijui taa inawashiwa wapi. Nikiulizwa swali, naingia chumba cha kwanza, nachukua jibu, nalipeleka cha pili, nikifika kengele imelia.

Ubaoni palikuwa na mlinganyo wa kutengeneza maji. Nitakueleza polepole. Kuna H, nazo zinakuja zimeshikana mbili mbili. Kuna O, nazo vilevile mbili mbili. Ukiziunganisha unapata maji, na maji yanataka H mbili na O moja. Imeandikwa hivi:

H₂ + O₂ → H₂O

Kinachoingia lazima kitoke, hakuna kupotea. Sasa hesabu: kushoto O mbili, kulia O moja. Moja imekwenda wapi? Mimi nikaona jambo jepesi. Nikaichomeka kulia, nikaandika H₂O₂. Pande zote mbili zikawa sawa. Nilijisikia mtu mzima.

Mizani akatazama, akasema, "Hesabu imekaa sawa kabisa. Tatizo ni moja dogo. Tumemwomba maji, ametuletea peroksaidi. Nani ana kiu?"

Walicheka mpaka darasa la jirani wakatuma mtu kuuliza kuna nini. Tangu siku hiyo jina langu ni Peroksaidi. Hata mpishi ananiita hivyo.

Sheria inasema zile namba ndogo za chini haziguswi, unaruhusiwa kuweka namba kubwa mbele tu. Kwa nini? Niliogopa kuuliza. Na Mizani ametangaza kwamba Ijumaa ya mwisho ya Mei kila mmoja atasimama ubaoni, asawazishe, na aeleze kwa mdomo. Atakayekosa arobaini kwa mia anahamishiwa mchepuo wa sanaa. Shangazi, kule watu wanaongea. Wana midahalo. Wanasimama mbele ya wenzao wanasema "naunga mkono hoja". Mimi nitakufa huko, nizikwe na hoja yangu.

Halafu kuna kingine. Kemia naipenda. Hilo ndilo la aibu kuliko yote.

Mtoto wa kaka yako,
unayemwita Kasuku


Saluni, kiti cha dirishani
16 Februari

Kasuku wangu usiyesema,

Marahaba mwanangu. Huku wote hatujambo. Baba yako hajambo, anakohoa kile kikohozi ulichomwachia. Fundi anasema mikono ya gauni iko sawa, bega lako ndilo lina kasoro. Nimemwambia bega la mtoto wetu asilitie mdomoni, amenywea, karudi kwenye cherehani yake.

Nimecheka, sikufichi. Nimecheka mpaka mteja niliyekuwa namsuka akaniuliza kama ni kichwa chake. Kumbe peroksaidi ndiyo inawapeleka watoto shule? Mimi ninayo hapa dirishani mwaka wa pili. Chupa kubwa nyeupe, ina maandishi ya Kiingereza pande zote. Sijayasoma, ila nimeyageuzia barabarani, wapita njia wajue humu kuna mtaalamu. Jua linaipiga inang'aa.

Sema imezeeka tabia. Wiki jana ilivimba tumbo kama imetoka harusini, kizibo kikaruka chenyewe kikampata Fundi shingoni, amekuja kuazima mkasi. Mpaka leo anasema ni mimi. Na imekuwa mvivu. Zamani nikimpaka mteja asubuhi nawasha redio, taarifa ya habari ikiisha nywele zimeshageuka rangi, namwosha. Siku hizi tunasikiliza habari, michezo, na matangazo ya vifo mpaka la mwisho ndipo rangi inakubali. Sasa nimeagiza chupa mpya, maana Jumamosi ijayo nina bibi harusi anataka nywele za dhahabu. Harusi yake ni siku mbili baadaye. Huyo akitoka vizuri, mtaa mzima wangu.

Haya, swali lako. Mimi niliishia darasa la saba na hizo H nilikuwa naziona kwa mbali. Lakini nimesoma barua yako mara tatu, na hilo si jambo la kulilia. Sikiliza.

Chukua H ni nywele nyeusi, zinauzwa mbili mbili. O ni za kahawia, nazo mbili mbili. Mteja amekaa, anataka kila msuko uwe na nyeusi mbili na kahawia moja. Nafungua fungu moja la nyeusi, fungu moja la kahawia, nasuka. Msuko mmoja umekamilika. Kahawia moja imebaki mkononi. Wewe ulichofanya, umeichomeka hiyohiyo kahawia kwenye msuko uliokwisha ili mkono uwe mtupu. Mkono ni mtupu kweli, lakini huo si msuko aliouomba. Ataamka kitini akutukane.

Mwenye akili anafungua fungu la pili la nyeusi, anasuka msuko wa pili. Nyeusi mafungu mawili, kahawia fungu moja, misuko miwili, mkononi hakuna kitu. Namba ndogo ni msuko wenyewe ulivyo. Namba kubwa ni idadi ya misuko. Ukigusa msuko umebadilisha kazi. Ukiongeza misuko umeongeza kazi tu.

Mpelekee Mizani hiyo. Na umwambie anyooke.

Shangazi yako


Bweni la Nne
9 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima, isipokuwa kitanda cha chini yangu kina msichana anayeota akifundisha. Ufunguo umepatikana, sanduku tumelivunja.

2H₂ + O₂ → 2H₂O. Nimeiandika kwenye kila karatasi niliyo nayo. Shangazi, sijawahi kuelewa kitu kwa kasi hivyo. Zoezi zima nilikuwa nasuka. Kila nikifika mwisho naangalia mkono: kuna kilichobaki? Basi fungua fungu jingine. Mwenzangu wa dawati aliniuliza kwa nini nachezesha vidole chini ya meza, nikavikalia.

Mtihani wa kati nimepata ishirini na tisa. Usishangae, kusawazisha nilipata yote, maelezo nikaacha wazi. Kwa karatasi ninaweza. Kwa mdomo, pale Ijumaa ya Mei, sijui. Nimejaribu kueleza mbele ya ukuta wa bafuni. Ukuta wenyewe niliuonea haya.

Hujaniambia bibi harusi alitokaje. Nataka kusikia kila kitu, hasa mtaa ulisemaje.

Kasuku


Saluni
20 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako niliipata, nikaiweka mahali, nikasahau niliiweka wapi. Baba yako mzima. Mvua zilinyesha, zikaacha. Ishirini na tisa ni mwanzo, mimi niliwahi kupata tatu na bado nakula.

Huku kazi inaendelea vizuri sana. Nina nafasi hata ya kusoma magazeti ya zamani. Nimefagia stoo. Nimepanga vichana kwa ukubwa, kisha kwa rangi.

Endelea na masomo. Sina la zaidi.

Shangazi yako

*Nyuma ya karatasi, mwandiko mwingine:*

Mtoto, mimi Fundi. Barua hizi hunipa mimi nibandike gundi na kuzipeleka posta, na huwa sisomi. Hii nimeisoma. Saluni imefungwa tangu mwisho wa Februari. Yule bibi harusi walisikiliza redio mpaka matangazo ya vifo kama kawaida, kuja kuoshwa, nywele zikabaki kwenye kichana. Alifunga ndoa na kitambaa kichwani. Shangazi yako anasema mkono wake umechuja, mara anasema kuna mtu kamtupia jicho, na akisema hivyo ananitazama mimi. Miaka kumi na moja tunaazimana mkasi. Wewe ndiye msomi, fanya kitu. Mikono ya gauni iko sawa.


Bweni la Nne
4 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Nimejua. Usiniulize nani kaniambia, na usimwazime mkasi kwa ubaya.

Kabla hujaikunja hii barua, nikwambie nilichofanya. Nimeuliza swali. Mimi, kwa mdomo wangu. Nilimngoja Mizani nje ya chumba cha walimu, nikahesabu mpaka mia moja, nikahesabu tena kurudi nyuma, akatoka, nikamwambia, "Mwalimu, peroksaidi ikikaa juani inakuwaje?" Alifikiri namtania kwa lile jina. Aliponiona siondoki akaweka madaftari chini akanieleza.

Sasa na mimi nakueleza kwa lugha yako. Peroksaidi ni ule msuko wangu mbovu wa siku ya kwanza: nyeusi mbili, kahawia mbili. Kahawia moja imezidi, haijakaa vizuri, na jua likiipiga inachomoka. Misuko miwili ikiachia kahawia moja moja, hizo mbili zinashikana zinakuwa fungu, na fungu la kahawia, Shangazi, ni hewa. Ndiyo iliyoivimbisha chupa. Ndiyo iliyomrushia Fundi kizibo shingoni. Kinachobaki chupani ni misuko ya nyeusi mbili na kahawia moja. Maji.

2H₂O₂ → 2H₂O + O₂

Mwaka mzima na zaidi chupa yako ilikuwa inageuka maji pale dirishani, kidogo kidogo, na wewe ukawa unaongeza redio kidogo kidogo. Haikuwa mvivu. Ilikuwa imekwisha. Kisha ukafungua mpya yenye nguvu zake zote, ukampa bibi harusi muda wa chupa ya maji.

Mkono wako haujachuja. Hakuna jicho la mtu. Ni mmenyuko tu.

Ijumaa yenyewe ni tarehe thelathini. Ukuta wa bafuni nimeanza kuuzoea.

Kasuku


Nyumbani
18 Mei

Wewe mtoto,

Marahaba. Baba yako mzima.

Kwa hiyo kwa maneno mengi na namba zake unataka kusema ni mimi. Nilikuwa na mtu wa kumlaumu, sasa umemwondoa, umeniweka mimi. Miaka kumi na tisa nasuka vichwa, leo nafundishwa na mtu ambaye mwaka juzi nilikuwa namfuta makamasi, na sisemi kwamba yamekauka.

Sitaki kemia nyumbani kwangu. Fundi asithubutu kuandika nyuma ya hii, nimeibandika mwenyewe kwa ugali wa jana.

Hiyo Ijumaa toa sauti. Ukinong'ona nitajua.

Shangazi


Bweni la Nne
1 Juni

Shangazi yangu,

Shikamoo, na kabla ya salamu nyingine naomba radhi, utaona kwa nini. Wengine wote wazima.

Ijumaa niliitwa wa mwisho. Mizani akasema, "Peroksaidi, njoo ujisawazishe mwenyewe," akaandika ubaoni peroksaidi kushoto, maji na oksijeni kulia, bila namba hata moja. Nilisuka kichwani, nikaweka mbili hapa, mbili pale, nikarudisha chaki. Haikufika nusu dakika.

"Sawa," akasema. "Eleza."

Nikaingia chumba cha Kiingereza. Giza. Nikapapasa ukutani, hakuna swichi. Watu arobaini na watatu wananitazama. Nyuma mtu akasema, "Mwalimu, amekata roho." Nilikuwa nimeshaanza kurudi kwenye dawati langu, nakuapia, mguu mmoja ulikuwa umegeuka, nikaona kichwani mwangu mote kuna barua yako moja tu, ile ya mteja kuamka kitini na kunitukana. Nikageuka. Nikaanza kwa Kiswahili. Nikasema chukueni nywele nyeusi.

Shangazi, nilisuka hewani. Nilichukua nywele za kiranja wa darasa nikaonyesha. Nikawaambia namba ndogo ni msuko na namba kubwa ni idadi, na anayegusa msuko amebadilisha kazi. Kuna wasichana walikuwa wanaitikia kwa vichwa kama wako saluni. Msichana aliyesema nimekata roho akauliza, "Kwa hiyo ile kahawia inakwenda wapi?" nikamjibu, mimi, papo hapo.

Mizani akasema, "Vizuri, lakini mtihani wa taifa hausuki. Kwa Kiingereza sasa." Nikasema sentensi tatu. Moja ilikuwa na kosa. Lakini zilitoka zimekamata kitu, maana nilikuwa najua ninachokizungumza, na lugha ikanifuata yenyewe.

Nilidhani yamekwisha. Akauliza, "Na unajuaje kwamba hili hutokea kweli, si ubaoni tu?"

Hapa ndipo ninapoombea radhi. Nilikuwa na kasi, Shangazi. Sijawahi kuongea muda mrefu hivyo, sikujua breki ziko wapi. Nikasema, "Shangazi yangu alimnyonyoa bibi harusi." Halafu nikasimulia yote. Dirisha, redio, matangazo ya vifo, shingo ya Fundi. Walicheka, lakini hawakunicheka mimi, na nilikuwa sijui kwamba vicheko ni viwili tofauti. Mizani alicheka mpaka akainamia upande wa pili.

Nimepata arobaini na moja. Nimebaki kemia.

Nimebaki, ila nimekuuza. Nimelifikiria hilo siku mbili nzima. Ukininunia ni haki yako, nitakuja likizo nikae kwa Fundi.

Kasuku


Saluni
15 Juni

Kasuku,

Marahaba. Baba yako mzima, nimemwambia arobaini na moja, amewatangazia watu kama tisini na moja, usimkanushe.

Anwani umeiona? Nimefungua.

Barua yako ilinikuta nimekasirika, nikaisoma nikiwa nimesimama ili nikasirike vizuri. Nilipofika kwenye "alimnyonyoa" nikakaa. Nikajiambia: kama watoto arobaini na watatu wa watu wanajua, na Mizani anajua, na mpishi wenu bila shaka anajua, basi aliyebaki hajui ni mmoja tu, naye ndiye mwenye kichwa.

Nikaenda kwake. Bibi harusi mwenyewe alinifungulia mlango. Nywele zimeota, fupi, zimesimama kama za mswaki mpya, na zimempendeza, sikumwambia. Nikamwambia sikuja kujitetea. Nikamwomba vijiti vya kiberiti, nikampangia mezani: nyeusi hizi, kahawia hizi. Vichwa vya nyeusi nilivipaka masizi ajue zipi ni zipi. Nikamwonyesha kahawia inavyochomoka, kizibo kinavyoruka, nami ninavyoongeza redio. Nikamwambia, "Si jicho la mtu. Ni mimi, niliweka chupa juani na sikusoma karatasi yake. Unisamehe."

Akakisogeza kijiti kimoja kwa kidole. Kisha akasema, "Shangazi, unasema hakuna aliyeniroga?"

Nikamwambia hakuna.

Akashika kichwa. "Miezi mitatu hii mimi simsalimii mama mkwe."

Mimi nikavirudisha vijiti kwenye kiberiti, maana niliona havitoshi kwa hesabu hiyo. Akavaa viatu akaenda. Nyumba ya mama mkwe iko mtaa wa pili, nikamwona kwa mbali anapunguza mwendo kila akikaribia. Jioni walikuja wote wawili saluni, nikafungua mlango, yule mama anataka kuosha na kuseti. Aliketi kitini akasema, "Huyu ndiye aliyenifanya mchawi?" Nikamwambia ndiye mimi, nikamwinamisha kwenye beseni kabla hajaongeza neno.

Kwa hiyo Fundi nimemwomba radhi. Amepokea kwa kiburi. Gauni lako amekubali kulitazama ukija, ila anasema ataanza na bega.

Na kukuuza kwako nimekusamehe, kwa sharti moja: hilo jina la Peroksaidi wakuite tu, ulipokee. Nakwambia kwa nini. Chupa mpya nimeiondoa dirishani. Fundi alinisomea maandishi yake, neno kwa neno, ilituchukua saa nzima na kamusi ya mwanawe. Imeandikwa iwekwe kabatini, pa giza na pa baridi, watu wasiishikeshike, nayo itakaa na nguvu zake zote mpaka siku ya kutumika. Tulipomaliza tukatazamana na Fundi, na wote wawili tukasema jina lako.

Njoo likizo. Redio siku hizi ni taarifa ya habari tu.

Shangazi yako uliyemtangaza